Bereti za damu ya mzee: kisa cha rejimenti iliyofutwa

Mwanzoni mwa Oktoba 1992, katika kambi ya Petawawa jimboni Ontario, askari wa Komando ya Pili, moja ya kombania tatu za Rejimenti ya Miavuli ya Kanada, walilipua baruti za mazoezi kwenye sherehe yao bila ruhusa ya mtu. Gari la msimamizi wa zamu likachomwa moto. Wakubwa walipouliza ni nani, kombania nzima ikafunga mdomo. Watu waliolala jengo moja na kula meza moja, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona kitu.

Nimeanza na gari hilo kwa makusudi. Kisa hiki husimuliwa kuanzia Somalia, miezi mitano na ushee baadaye, ambako kijana wa miaka 16, Shidane Arone, aliteswa hadi kufa mikononi mwa askari wa kombania hiyohiyo. Ukianzia huko, utakachokiona ni joto, wizi wa usiku na askari wawili waliopotoka. Ukianzia Petawawa utaona ugonjwa uliokuwa umeshajulikana na kuandikwa kwenye mafaili, na utaona kwamba mtu aliyetaka kuutibu ndiye aliyeondolewa kazini. Machi 1995 rejimenti nzima ilifutwa, na hadi leo wapo Wakanada wanaobishana kama kilichofutwa ni rejimenti au ni ushahidi.

Nyumba tatu chini ya paa moja

Rejimenti hii iliundwa 8 Aprili 1968 huko Edmonton. Walikuwa askari wa miguu wanaoshuka kwa miavuli: wepesi, wa kujitolea, waliofunzwa kufika popote kwa haraka kabla ya jeshi kubwa kujikusanya. Bereti zao zilikuwa za rangi ya damu ya mzee, rangi ambayo askari wa miavuli wa nchi nyingi wameirithi kutoka kwa Waingereza wa Vita Vikuu vya Pili. Sifa hawakuipata kwa bereti peke yake. Mwaka 1974 walikuwa Kupro chini ya Umoja wa Mataifa wakati majeshi ya Uturuki yaliposhuka kisiwani, na walikuwa miongoni mwa walioulinda uwanja wa ndege wa Nicosia katikati ya majeshi mawili yaliyokuwa yakiutaka. Kisa hicho hutajwa sana na watetezi wao, na wana haki ya kukitaja.

Anayebuni taifa la kufikirika kwa ajili ya riwaya au mchezo wa kompyuta, akifika kwenye jeshi lake, huanza na mambo haya haya: bereti, wito wa kijeshi, mafunzo yanayoua, ushindi mmoja wa zamani. Nimesoma rejimenti nyingi za kubuni za aina hiyo. Swali ambalo waandishi wake huliruka ni la kikarani kabisa, nalo ndilo lililoimaliza rejimenti hii ya kweli: askari wake wanatoka wapi, na nani anaamua nani aje?

Rejimenti ya Miavuli haikuandikisha vijana wake yenyewe. Iliwaazima kutoka rejimenti tatu za miguu za Kanada. Komando ya Kwanza ilijazwa na Royal 22e Régiment, yaani askari wanaozungumza Kifaransa. Komando ya Pili ilijazwa na Princess Patricia's Canadian Light Infantry, yenye mizizi katika majimbo ya magharibi. Ya Tatu ilijazwa na Royal Canadian Regiment. Askari alikaa miaka michache, kisha akarudi kwao. Cheo chake, mustakabali wake na watu wa kumsemea vyote vilibaki kwenye rejimenti mama.

Sasa jiweke mahali pa kamanda wa rejimenti mama unapoombwa askari. Unaweza kumtoa kijana wako bora kabisa, na ukakaa bila yeye kwa miaka mitatu. Unaweza pia kumtoa yule anayekusumbua kila Jumamosi usiku. Baadhi ya makamanda walifanya la pili. Uchunguzi wa ndani wa jeshi wa mwaka 1985 ulishaonyesha kuwa rejimenti ina tatizo la nidhamu, kwamba wapo askari wasiokomaa na kwamba viongozi wa ngazi za chini, masajenti na makoplo, hawatoshi. Faili likafungwa, kazi ikaendelea.

Halafu kila komando iliishi peke yake: jengo lake, lugha yake, mila zake, namna yake ya kuwapokea wageni. Ukisema "rejimenti" kwa umoja unajidanganya kidogo. Zilikuwa nyumba tatu chini ya paa moja, na nyumba ya pili ilikuwa ikitundika bendera ya majimbo ya kusini mwa Marekani yaliyopigania kubaki na utumwa. Makamanda walijaribu kuipiga marufuku. Bendera iliendelea kuonekana.

Mwaka 1992, katika kubana matumizi, rejimenti ilipunguzwa hadi ukubwa wa batalioni moja, na ukamanda wake ukashushwa kutoka kanali hadi luteni kanali. Jina na bereti vilibaki. Uzito wa mtu aliyekaa juu ulipungua, na ulipungua katika mwaka ule ule ambao alihitaji kuwaambia wakubwa wake jambo wasilopenda kulisikia.

Aliyesema hawa wasiende

Luteni Kanali Paul Morneault alikuwa kamanda wakati gari linachomwa. Rejimenti ilikuwa imeshaambiwa ijiandae kwenda Somalia. Alichokifanya Morneault kilikuwa rahisi kueleweka: alitaka Komando ya Pili ibaki nyumbani, kwa kuwa haikuwa tayari kwa kazi ya nje, isipokuwa waliofanya fujo wajitokeze.

Tafakari uzito wa hatua hiyo. Kwa kombania ya watu wanaojiita teule, kuachwa nyumbani wenzao wakipanda ndege ni aibu isiyosahaulika. Labda wahalifu wangejitokeza, labda wasingejitokeza. Kwa vyovyote, kuanzia siku hiyo kila askari angejua kuwa ukimya una bei yake.

Haikuwa hivyo. Kabla Oktoba haijaisha, Morneault aliondolewa kwenye ukamanda, na Luteni Kanali Carol Mathieu akakabidhiwa rejimenti ikiwa imebakiwa na wiki chache tu kabla ya kuondoka. Komando ya Pili ikaingizwa kwenye orodha ya safari. Waliolijua jina la mchoma gari walipata funzo: walinyamaza, na aliyeondoka ni kamanda.

Najua hoja ya upande wa pili. Wakubwa wa Morneault walisema tatizo lilikuwa uongozi wake, kwamba mazoezi yalikuwa yakisuasua na kikosi hakijaiva. Inawezekana. Lakini kama kikosi hakijaiva, jibu la kumleta kamanda mgeni asiyewajua watu wake na kumpa kikosi hichohicho akipeleke mahali pa hatari ni jibu la ajabu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kisa kilipoamuliwa. Yaliyofuata yangeweza kuchukua sura nyingine, lakini mlango ulifunguliwa hapa.

Kutoka Bosaso hadi Belet Huen

Kazi ya kwanza waliyoandaliwa ilikuwa ya ulinzi wa amani wa kawaida. Wangekwenda Bosaso, kaskazini-mashariki mwa Somalia, chini ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioundwa na azimio namba 751 la Aprili 1992. Mwanzoni mwa Desemba mpango ukageuka. Azimio namba 794 la 3 Desemba lilikipa kikosi kilichoongozwa na Marekani ruhusa ya kutumia nguvu chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kanada ikahamia huko. Waliojifunza kulinda amani iliyokubaliwa sasa walikuwa wakienda kuisimamisha kwa bunduki, na muda wa kujifunza upya haukuwepo. Kadi za mfukoni zenye kanuni za lini askari afyatue risasi zilichelewa, na maelezo yake yalibadilika kadiri siku zilivyokwenda.

Tarehe 28 Desemba 1992 waliingia Belet Huen, mji wa mto Shabelle, zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Mogadishu. Pamoja na vikosi vya kuwasaidia, walikuwa wapatao 900.

Ni haki kusema kuwa walifanya kazi. Misafara ya chakula ilipita, shule zilifunguliwa tena, madaraja yalitengenezwa, polisi wa mji walirudishwa kazini. Wazee wa Belet Huen walikaa nao vikaoni. Askari wengi wa Komando ya Kwanza na ya Tatu walirudi nyumbani Juni 1993 bila doa, na uchungu wao kwa kuhesabiwa pamoja na wengine ni wa kweli.

Tatizo lililowakera kila usiku lilikuwa wizi. Kambi ilikuwa pana, katika mji ambao vita na njaa vilikuwa vimekausha kila kitu, na watu walipenya chini ya seng'enge kutafuta maji, mafuta, chakula, chochote kinachouzika. Mwishoni mwa Januari 1993 kamanda alitoa tafsiri ya kanuni iliyoruhusu kumfyatulia risasi mwizi anayekimbia, mlengaji akishusha bunduki miguuni. Askari wa miavuli, aliyefundishwa kuruka usiku na kuuteka uwanja wa ndege, akageuzwa mlinzi wa ghala dhidi ya vijana waliovaa kandambili. Sisemi hivyo kumtetea. Nasema kuwa mtu uliyemwambia kwa miaka mingi kwamba yeye ni bora kuliko wote, ukimpa kazi anayoiona ya chini, dharau yake itatafuta pa kutua.

Tarehe 4 Machi platuni ya upelelezi iliweka chambo. Chakula na maji viliachwa mahali panapoonekana, na wapiga risasi wakajificha. Wasomali wawili wakaja, wakashtuka, wakakimbia. Mmoja alijeruhiwa kwa risasi za mgongoni. Mwingine, Ahmed Arush, aliuawa. Daktari wa jeshi aliyeuchunguza mwili alisema waziwazi kuwa majeraha yale yalionekana kama ya mtu aliyemaliziwa kwa karibu baada ya kuanguka. Kapteni aliyeongoza operesheni hiyo alifikishwa mahakamani baadaye na kuachiwa huru. Lakini angalia kalenda: uchunguzi wa maana wa polisi wa jeshi haukuanza wiki ile. Siku kumi na mbili zilipita. Kila aliyekuwa ndani ya seng'enge alijua kuwa Msomali ameuawa kwa chambo na kwamba kesho yake ilikuwa siku ya kawaida.

Mshughulikieni

Tarehe 16 Machi, Meja Anthony Seward, mkuu wa Komando ya Pili, alitoa maagizo ya kila siku. Wavamizi wakamatwe, na wanaweza kutendewa vibaya. Neno la Kiingereza alilolitumia lina upana wa kutisha: linaanzia kwenye matusi na kuishia kwenye ukatili. Yeye alijitetea baadaye kuwa alimaanisha nguvu inayohitajika wakati wa kumkamata mtu.

Kiswahili tunalo neno la ukoo huo. Mkubwa akisema "mshughulikieni huyo", hajasema mpigeni, wala hajasema msimpige. Siku ya mambo kuharibika atasema alimaanisha mwandikisheni maelezo. Mdogo atasema alielewa vinginevyo. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na ndiyo sababu neno la namna hiyo halipaswi kutoka kinywani mwa mtu mwenye watu wenye silaha chini yake.

Na agizo halikwenda moja kwa moja hadi kwa askari. Lilitoka kwa meja hadi kwa kapteni wa platuni, kwa sajenti wa seksheni, kwa koplo mkuu, kisha kwa askari wa zamu. Katika kila ngazi mtu mmoja alikuwa na nafasi ya kusema, "Afande, unamaanisha nini hasa?" Jeshi lililo hai lina masajenti wanaouliza swali hilo kwa adabu na kwa ukaidi. Uchunguzi wa 1985 ulikuwa umesema kuwa upungufu ulikuwa hapo hapo.

Usiku huo, kama saa tatu kasorobo, Shidane Arone alikutwa kwenye choo cha kuhamishika katika eneo lililoachwa na Wamarekani, karibu na kambi ya Wakanada. Alifungwa na kuingizwa kwenye handaki. Kwa muda wa saa kadhaa koplo mkuu mmoja alimpiga kwa fimbo na kwa bomba la chuma, akamchoma nyayo kwa sigara. Praiveti mmoja alishiriki na kupiga picha, kijana akiwa amejaa damu na mtesaji amesimama pembeni yake kama mwindaji na mnyama wake. Kabla ya usiku kuisha Arone alikuwa amekufa.

Majina ya askari hao yamo kwenye kumbukumbu za mahakama, na anayeyataka atayapata. Mimi kinachonishughulisha ni handaki lenyewe lilikuwa wapi. Halikuwa porini. Lilikuwa ndani ya kambi, umbali mdogo kutoka kituo cha uongozi cha kombania. Watu waliingia, wakaona, wakatoka. Wengine walisikia makelele wakiwa vitandani. Sajenti wa seksheni aliyaona mateso yakianza, akaenda kulala. Hesabu ya waliojua kitu fulani usiku ule haiko kwenye wawili, iko kwenye makumi.

Kwa hiyo tunarudi kwenye gari. Ukimya uliomlinda mchoma gari Oktoba ndio ukimya uliotanda nje ya handaki Machi, katika kombania ileile. Tofauti ni kwamba sasa ulikuwa umeshafanyiwa jaribio mbele ya wakubwa wote wa brigedi, na ukashinda.

Samaki mmoja

Koplo mkuu alikamatwa. Siku chache baadaye alikutwa amejinyonga kwa kamba ya buti mahabusu. Aliokolewa, lakini ubongo wake uliharibika na hakuweza tena kushtakiwa. Bahati ikawa kwamba mwandishi wa gazeti dogo la Pembroke, mji jirani na Petawawa, alikuwa kambini Belet Huen akiandika habari za vijana wa nyumbani. Alimwona mtu akibebwa kwa machela, akaanza kuuliza. Bila yeye sijui umma wa Kanada ungeambiwa lini. Waziri wa ulinzi wa wakati huo, Kim Campbell, alikuwa katikati ya kampeni ya kuongoza chama chake, na Juni mwaka huohuo akawa waziri mkuu.

Mahakama za kijeshi zikafuata. Praiveti wa picha alihukumiwa miaka mitano kwa kuua bila kukusudia na kwa utesaji. Sajenti aliyekwenda kulala alipewa siku 90, rufaa ikazifanya mwaka mmoja. Meja Seward alianza na karipio kali. Rufaa ikambadilishia kuwa kifungo cha miezi mitatu na kufukuzwa jeshini. Luteni Kanali Mathieu aliachiwa. Ukiziweka hukumu hizi kwa mpangilio wa vyeo, utaona adhabu inapungua kadiri unavyopanda ngazi, hadi inapotelea juu kabisa.

Hukumu inayonisumbua zaidi ni ya askari mwingine, aliyekuwa zamu na koplo mkuu, akaona na hakuzuia. Aliachiwa. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa ya Kijeshi ilikubali kuachiwa kwake, na katika hoja zake wengi wa majaji walisema Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 haukuhusika, kwa kuwa Kanada ilikuwa Somalia kwa ajili ya amani, haikuwa vitani. Isome tena taratibu. Kijana aliyekamatwa na jeshi la kigeni ndani ya nchi yake mwenyewe alikuwa na ulinzi mdogo zaidi kisheria kwa sababu jeshi hilo lilikuja kwa wema.

Maelezo rasmi ya mwanzo yalikuwa yale ya samaki mmoja: wachache wameharibika, wengine wazima. Wahenga wetu walikuwa na maoni yao kuhusu samaki mmoja, lakini tuache methali, tutazame majirani. Mwaka huohuo wa 1993, katika nchi hiyohiyo, askari wa miavuli wa Ubelgiji walipigwa picha wakimning'iniza mtoto wa Kisomali juu ya moto. Askari wa miavuli wa Italia, wa brigedi ya Folgore, walipigwa picha wakimtesa mfungwa kwa nyaya za umeme. Picha za Waitalia zilichapishwa 1997, na mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya Ubelgiji iliwaachia askari wawili wa kwenye picha ile. Mataifa matatu, lugha tofauti, mafunzo tofauti. Walichofanana ni miavuli, bereti, na imani kwamba wao si kama askari wengine.

Sitaki kuivuta hoja hii kupita inapofika. Vikosi teule vingi vimetumwa sehemu nyingi na havikumtesa mtu. Komando ya Tatu ilikula vumbi lile lile la Belet Huen. Lakini maelezo ya joto na wizi hayatoshi, maana joto na wizi viliwapata wote. Hata dawa ya malaria waliyomeza kila wiki, meflokwini, ambayo wengine wameihusisha na jazba na ndoto mbaya, ilimezwa na mamia ya watu, sio na kombania moja.

Kufuta

Januari 1995 televisheni za Kanada zilionyesha kanda za video. Ya kwanza ilikuwa ya askari wa Komando ya Pili wakiwa Somalia, wakitoa maneno ya ubaguzi kwa kicheko. Siku chache baadaye ikaja ya jando la kambini la Komando ya Kwanza, lililorekodiwa 1992: vinyesi, matapishi, na askari mweusi akitambaa kwa mikono na magoti kama mbwa aliyefungwa kamba, mgongoni ameandikiwa maneno ya kulisifu kundi la Ku Klux Klan. Kumbuka hii ni komando ya wazungumzao Kifaransa, ile iliyodhaniwa safi.

Mkuu wa Majeshi, Jenerali John de Chastelain, alishauri rejimenti isivunjwe. Waziri wa Ulinzi David Collenette alitangaza tarehe 23 Januari kwamba inavunjwa. Tarehe 5 Machi 1995 bendera zake ziliwekwa chini kwa mara ya mwisho. Waliopiga saluti siku hiyo hawakuwa wote wale wa Somalia. Wengine walikuwa wameingia baada ya 1993, wakati kamanda mpya akijaribu kuisafisha nyumba.

Je, ilikuwa sahihi? Nimebadili mawazo zaidi ya mara moja. Kwa muda mrefu nilikubaliana na wanaosema kuwa kufuta jina ni kumwadhibu asiye na kosa ili aliye juu aonekane ametenda. Siku hizi naona kwamba rejimenti isiyo na watu wake, inayoazima askari na kuazima nidhamu, isingetibika bila kubadili namna inavyojazwa, na jambo hilo hakuna rejimenti mama iliyokuwa tayari kulikubali. Lakini kufutwa kwake kulikuja na nafuu moja kwa wanasiasa na majenerali. Kuanzia siku hiyo kosa lilikuwa na anwani, na anwani hiyo haikuwepo tena.

Tume ya uchunguzi iliundwa mwezi huohuo wa Machi, ikiongozwa na jaji Gilles Létourneau. Ilianza na maandalizi ya safari, ikachimba Petawawa ya Oktoba 1992 kwa undani ambao uchambuzi kama huu unautegemea. Kisha ikajikwaa kwenye karatasi. Nyaraka ambazo mwandishi wa redio ya CBC aliziomba makao makuu zilikuwa zimebadilishwa kabla ya kukabidhiwa, na nyingine zilipangiwa kuteketezwa. Tarehe 9 Aprili 1996 jeshi zima la Kanada liliamriwa kusimamisha kazi za kawaida na kutafuta nyaraka za Somalia kwenye makabati. Aliyetoa amri hiyo, Jenerali Jean Boyle, alijiuzulu Oktoba mwaka huohuo, akiandamwa na suala hilohilo la nyaraka.

Januari 1997 serikali iliiambia tume ifunge kazi. Mashahidi wa usiku wa 16 Machi na wa yaliyofanywa makao makuu baada yake walikuwa bado kwenye foleni. Uchaguzi mkuu ulifanyika 2 Juni. Ripoti ikatoka mwezi mmoja baadaye, majuzuu matano yenye mapendekezo 160. Tume iliyoundwa kwa sababu ya kifo cha kijana mmoja ilijua kwa undani nani alisema nini kuhusu gari la Petawawa, na haikupata kuwahoji watu kuhusu handaki.

Askari wa miavuli waliobaki walirudishwa kwenye rejimenti zao tatu, kila moja ikiwa na kombania yake ya kuruka. Mashtaka dhidi ya koplo mkuu yalifutwa 2008, miaka 15 baada ya usiku ule. Miaka miwili kabla ya hapo, Agosti 2006, kikosi kipya cha operesheni maalumu kilikuwa kimezinduliwa Petawawa, kambi ileile. Bereti zake ni za rangi ya mchanga.